Maua Yaliyoruka Ukuta

Tarehe 2 Septemba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umetulia, na huyo Kasuku wangu hajakumaliza kwa maswali. Mimi huku sijambo, ila miguu huvimba jioni kwa kusimama. Hilo usimsomee mtoto.

Kazi niliyopata ni ya kufua. Ni nyumba ya kutunzia wazee. Zamani ilikuwa ya tajiri na familia yake, ina ngazi pana na madirisha marefu, na sisi wafuaji watatu tuko chini kabisa, chini ya ardhi. Kuna mashine mbili, pasi kubwa ya kubana mashuka, na mvuke mtindo mmoja. Msimamizi wetu ni mama mwembamba ambaye nyayo zake hazisikiki. Hana ubaya, ila ukicheka anaangalia saa. Mashuka yakiwa tayari tunayabeba kwenda kuyaanika nyuma ya nyumba, na hapo ndipo ninapovuta pumzi.

Baba, nyuma ya kamba za kuanikia kuna ukuta, nyuma ya ukuta kuna mto mdogo, na ukingoni mwa mto kuna ua ambalo wewe hujaliona, na wewe umeona maua. Shina nene kama mkono wangu. Urefu wake, hata ukinibeba mabegani kama zamani, silifikii. Juu limefunguka kama mwavuli, na huo mwavuli umeundwa kwa vijimwavuli vidogo vidogo. Sasa msimu wake umepita, limekauka, lakini bado limesimama kwa majivuno. Nikasema moyoni, baba yangu anauza kando ya barabara miche ileile ambayo kila mtu anayo. Akipata hili, wenye majumba watampangia foleni.

Nimepanda juu ya ukuta nikachuma kichwa kimoja, nikakikung'utia kwenye bahasha. Mbegu ndizo hizo humu ndani, bapa kama magamba ya samaki. Zipande uone.

Mkumbatie Kasuku. Mwambie mama yake anamsikia hata mashine zikinguruma.

Mwanao.


Tarehe 1 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba, na nyingine ya akiba kwa siku barua zikichelewa. Tuko wazima. Mgongo wangu unauma ukiona jembe na unapona ukiona kiti. Kasuku amepanda darasa na amepoteza jino, na kukosa jino hakujapunguza maneno.

Bahasha yako nilidhani ina pesa, nikaifungulia ndani. Nilipoona magamba nikacheka peke yangu. Kisha nikazishika, nikazinusa, nikasema huyu mtoto kweli ni damu yangu. Wenzake wakienda mbali wanatuma picha wamesimama karibu na gari la mtu.

Nimeziweka kwenye makopo chini ya kivuli, udongo wa mboji na mchanga kidogo. Huko, nasikia, sasa baridi inaanza na mimea inakufa. Hapa kwetu baridi yetu ni ya kuvaa sweta asubuhi na kulivua saa nne, kwa hiyo sijui kama zitakubali. Nitazibembeleza. Nimekwisha zipa jina, Mwavuli wa Binti. Mkunga jirani ameniuliza binti yupi, nikamwambia ninaye mmoja tu.

Vaa soksi mbili miguuni. Kula.

Baba yako.


Tarehe 15 Januari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ya mwaka mpya nimeipata na nimeisoma mara nyingi, hasa pale uliposema mbegu zimeota zote kama zilizoitwa. Kasuku hajambo? Jino limeota? Mimi nakohoa kidogo lakini ni baridi tu.

Nina habari ya ua letu. Huku juu kuna bibi mmoja mgonjwa, kitanda chake kiko dirishani, na ndiye pekee anayenisalimia ninapokwenda kubadilisha mashuka. Kumbe hii nyumba ilikuwa ya kwao. Nilimwuliza lile ua refu la mtoni linaitwaje. 

"Lile aliletewa baba mkwe wangu," akasema. "Zawadi kutoka safarini. Lilikuwa kwenye bustani yetu, hapo chini, mashina manne tu. Mtunza bustani alikuwa anakata vichwa kabla havijakauka, kila mwaka."

"Sasa likafikaje mtoni?"

"Mwaka tuliohama hakukuwa na mtu wa kukata."

Anasema liliruka ukuta, likashuka na maji, likafika kwenye reli, na treni zikalisambaza kwa upepo wake. Siku hizi liko mpaka mji wa pili. Nikamwuliza kama watu wanalipenda, akasema hawalipendi. Nikauliza kwa nini. Akasema, "Kwa sababu haliondoki." Kisha akafumba macho, na mimi nilikuwa na mashuka mikononi, sikuweza kukaa.

Maneno yake hayakunikaa vizuri, Baba. Pengine ni uzee wake. Lakini ukiona lako limechanua, kata kichwa kabla hakijakauka. Usiache mbegu zidondoke.

Mwanao.


Tarehe 9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Tuko wazima, isipokuwa wewe na hicho kikohozi, ambacho nataka kusikia kimekwisha.

Huyo bibi yako ameniogopesha kweli, nimekwenda kuangalia kama maua yangu yamefungasha mizigo. Yapo. Majani yake sasa ni mapana kama ungo, yamekatwakatwa pembeni kama yamechorwa na fundi. Watu wanaopita wanasimama. Mwenye duka la vitambaa alishuka kwenye baiskeli akazunguka nyuma yake mara mbili. Mkunga nimempa mche mmoja kwa ajili ya uzio wake, na mwalimu mkuu nimempa miwili akapanda langoni mwa shule, akanishukuru mbele ya wanafunzi. Kasuku alivimba kichwa wiki nzima.

Mengine nimeyahamishia nyuma ya nyumba kwa sababu makopo yamepasuka. Mvua ikianza, Kasuku anakimbilia chini ya majani anakaa huko kama kuku. Namwambia nyumba ina paa, anasema la kule ni zuri zaidi.

Mwanangu, mimi nimefanya kazi ya miche tangu hujazaliwa. Mmea unaopandwa na mtu unamtegemea mtu. Usipomwagilia unakufa, na ndiyo maana nakula. Hata hivyo nitakata vichwa kama ulivyosema, usikonde.

Baba yako.


TELEGRAMU
Ijumaa, tarehe 10 Juni

NGOA MAUA YANGU YOTE LEO. BARUA INAKUJA. MWANAO.


Jumapili, tarehe 12 Juni

Baba,

Shikamoo. Nisamehe mwandiko, natumia jicho moja. Nasema mapema kabla hujashtuka: niko hai, natembea, nakula. Niko hospitali.

Jumatatu iliyopita msimamizi alituambia sisi wa kufua tutoke tukafyeke nyuma, kwa sababu yale maua yameota mpaka upande wetu wa ukuta na yanagusa mashuka. Mtunza bustani alikuwa likizo. Tukapewa mapanga na mundu. Jua lilikuwa kali, siku nzuri ya kwanza mwaka huu, tukakunja mikono ya nguo na kupandisha sketi. Shina lile ni wazi katikati, ukilikata linamwaga maji. Yanaonekana maji safi tu. Hayaumi, hayanuki sana. Tulirushiana kama watoto. Nilifuta jasho usoni kwa mkono uleule.

Jioni hatukuhisi kitu. Kesho yake tukatoka tena juani kuanika, na saa sita mwenzangu akaanza kulia, akishika mikono mbali na mwili. Ngozi ilikuwa imeinuka kama uji unaochemka. Yangu ikafuata. Kisha jicho.

Daktari anasema maji ya ua lile yakikaa kwenye ngozi na ngozi ikapigwa na jua, ngozi inaungua. Siyo mwasho. Inaungua kama umemwagiwa maji ya moto, na alama zinakaa miaka, na kila jua likitoka zinaamka. Jicho la kushoto amelifunga. La kulia limepona. Anasema huku kila mtoto anafundishwa asiliguse. Hakuna aliyetufundisha sisi.

Kitu cha kwanza nilichofikiria ni Kasuku akikaa chini ya yale majani kama kuku. Hayo alituambia Ijumaa jioni, posta inakaribia kufunga. Nikamwomba mwenzangu ambaye mikono yake ilikuwa na nafuu akimbie apeleke telegramu. Nilimtajia maneno nikiwa kitandani na maumivu yamenishika, akayaandika kiganjani, akakimbia. Nikatulia. Nikasema baba yangu ni mtu wa kufanya, akiambiwa leo ni leo.

Leo asubuhi muuguzi alipokuwa akinibadilisha bandeji nikamwambia habari ya nyumbani, na telegramu.

"Vizuri," akasema. "Nani anayang'oa?"

"Baba yangu."

"Umemwambia avae nini?"

Baba, nikamtajia maneno yote ya telegramu. Akanitazama, akaelewa, akaacha bandeji ikining'inia.

Nimekuambia ung'oe. Sikukuambia usiguse. Posta imefungwa mpaka kesho. Nimewaomba hapa, nimelia, wamesema hakuna njia. Kesho wakifungua mwenzangu atakuwa mlangoni na telegramu ya pili. Nakuandikia hii nikijua itafika wiki tatu kutoka leo, itakapokuwa haina kazi, ila siwezi kukaa bila kuandika. 

Usiguse. Mtoto asikaribie. Ukiwa umegusa, jioshe kwa sabuni na ukae gizani, usitoke juani, usitoke hata kidogo.

Mwanao.


TELEGRAMU
Jumatatu, tarehe 13 Juni

USIGUSE MAUA KWA MIKONO. MAJI YAKE YANAUNGUZA. FUNIKA MACHO. MTOTO AKAE MBALI. NIJIBU.


Tarehe 28 Mei

Mwanangu,

Hujambo huko? Sisi tunakula na kulala. Nakuandikia kwa furaha maana nina la kujivunia: yamechanua. Yote kwa mpigo, kama yamekubaliana. Meupe, juu ya paa la jiko. Nilitoa kiti nje nikakaa kuyatazama hadi chai ikapoa. Mama yako angekuwepo angesema nimeoa mke wa pili.

Vichwa sijakata bado, ni dhambi kukata kitu kama kile. Vya kwanza vimeanza kukauka upande mmoja, nitavikata wiki ijayo.

Kasuku amegundua kuwa bua la jani ni wazi ndani. Amejitengenezea filimbi, anapuliza kutwa, na akichoka kupuliza anaitumia kama darubini, anafumba jicho moja na kunichungulia nayo. Anasema anakuona wewe huko uliko. Nikamwuliza unafanya nini, akasema unapiga pasi.

Amepata malengelenge kidogo mdomoni tangu juzi. Nadhani ni homa ya ndani inatoka. Nimempaka mafuta na anacheza tu juani na wenzake, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Tunakusubiri mwaka uishe.

Baba yako.


Tarehe 20 Juni

Baba,

Barua yako ya mwezi wa tano nimeipata leo. Nimefika kwenye filimbi sikuweza kuendelea, muuguzi ndiye aliyenisomea iliyobaki.

Hayo malengelenge siyo homa. Ni ua. Mtoe juani. Mwoshe macho kwa maji mengi. Nyang'anya hiyo filimbi, isiguswe kwa mkono, izikwe.

Telegramu mbili nimetuma na hujajibu hata moja. Wewe hujawahi kuniacha hivi. Kila mtu wa posta akiingia wodini kwa shughuli zake nasimama.

Nimeomba kuacha kazi. Msimamizi alikuja na maua ya dukani, akayaweka mezani, akaniambia nyumba inasikitika. Nikamwomba ayaondoe.

Mwanao.


Tarehe 11 Julai

Baba,

Nimetoka hospitali. Jicho linaona, kwa ukungu. Navaa kofia pana na mikono mirefu na natembea upande wa kivuli.

Sina la kukuandikia isipokuwa kukuomba. Hata neno moja. Hata kama ni baya, mtu yeyote aliandike alitume. Nauli nimepata, chombo kinaondoka mwezi ujao, na sijui ninarudi kwa nani.

Mwanao.


Tarehe 3 Julai

Kwa Mama,

Shikamoo Mama. Ni mimi ninayeandika kwa sababu Babu hawezi kushika kalamu. Yeye anasema, mimi naandika. Amesema niandike kila neno kama anavyolisema na nisitie yangu. Yangu nitayatia kwenye mabano.

Mwanangu, sijambo. (Babu ana jambo, Mama.)

Nisamehe kwa kukaa kimya. Nilitaka nikuandikie kwa mkono wangu ili usishtuke, nikawa nangoja mikono ipone, na haiponi upesi. Kasuku amekuwa akinisumbua kila siku tuandike. (Kweli.)

Telegramu yako ya kwanza ililetwa Jumamosi nikinywa chai. Niliisoma nikadhani umesikia ni mmea uliokatazwa na serikali, kwamba nitakamatwa. Sikumaliza chai. Bahati nzuri Kasuku nilikuwa nimempeleka kwa mkunga kusukwa nywele. (Nilikaa huko mpaka jioni kwa sababu mkunga anasuka huku anaongea.) Nilivua shati kwa sababu ya jua. Nikayakata yote, nikayafunga mafungu, nikayabeba begani mpaka korongoni, chini ya bomba la maji, nikayatupa huko. Safari nyingi. Yalikuwa yananidondokea shingoni na usoni, nikaona vizuri, yananipoza. Nilipomaliza nikajiona mtiifu.

Kesho yake Jumapili nilikaa kitaluni juani. Hapo ndipo lilipoanza. Sitakueleza. (Alipiga kelele, Mama. Mimi sikuwahi kumsikia Babu akipiga kelele. Mkunga alikuja akamfunika kwa kanga iliyoloweshwa na akanituma nimwite daktari, nikakimbia.) Telegramu ya pili ilinikuta nimelala gizani.

Daktari anapita kila baada ya siku chache. Mgongo, bega na mikono vinatengeneza ngozi mpya. Macho bado. La kulia linajua kama ni mchana. La kushoto anasema tusubiri. Mimi nimemwambia nimeona miche mingi duniani, inatosha. (Hakucheka aliposema hivyo. Daktari ndiye aliyecheka.)

Usijilaumu. Ulinitumia ua kwa sababu unanijua. Kama ningekuwa mimi nimeliona kule ukutani, ningefanya vilevile, ningepanda ukuta na huu mgongo.

Mwalimu mkuu ameyang'oa ya langoni kwa koleo na mifuko mikononi, na mkunga ameuchoma ule mmoja wake, amekaa mbali na moshi. Kwa hiyo yamekwisha. Tulia. Njoo ukiweza.

Baba yako.

Mama, Babu amelala sasa. Hapa chini ni mimi mwenyewe, hakuna haja ya mabano.

Mdomo wangu umepona. Kuna alama ya kahawia juu yake kama nimekunywa chai ya maziwa nikasahau kufuta. Shuleni wananiita Masharubu. Sijali. Macho yangu hayana kitu, daktari aliyaangalia kwa tochi.

Barua yako ya jicho moja imefika leo, nikamsomea Babu. Nilipofika pale unaposema sikukuambia usiguse, akasema nirudie. Nikarudia. Akasema, "Basi, usiisome tena," akageukia ukutani. Nimeiweka chini ya godoro langu.

Sasa nakuambia kitu ambacho Babu hakijui. Mafungu aliyotupa korongoni yalikuwa na vichwa vilivyokauka. Niliviona jioni ileile nikitoka kwa mkunga, lakini sikujua. Baadaye ilinyesha mvua kubwa, ile ya kuleta mawe. Juzi nilikwenda bombani kuteka maji nikaona vijani vidogo kwenye ukingo. Majani yake nayajua, nilikuwa naishi chini yake. Viko kwenye ukingo na viko ng'ambo ya korongo, na vingine vimefuata maji hadi njia ya kwenda shule. Nilianza kuvihesabu nikaacha.

Nikimwambia Babu atataka kwenda, na hawezi kuviona, atavipapasa. Nikimwambia mkunga atamwambia Babu. Mwalimu mkuu anasema yamekwisha, alitangaza mstarini, wote tukapiga makofi.

Jana nilivaa soksi mikononi nikang'oa vichache. Kisha nikaogopa soksi, nikazitupa, na sasa nina jozi moja.

Kwa hiyo nimewaambia watoto wenzangu kwamba pale ukingoni kuna nyoka, mkubwa, mweusi, nimemwona kwa macho yangu. Wameniamini. Wote sasa wanapita njia ya juu, hata wakubwa. Lakini leo kaka mmoja wa darasa la mwisho amesema kesho atakwenda na fimbo kumtafuta, na wenzake wamesema watamfuata.

Mama, njoo haraka.

Mwanao.